Biashara Tatu, Mmiliki Mmoja: Kampuni Inakinga Nini?

Likoni si ajabu mtu mmoja kuwa na shughuli tatu. Asubuhi anafungua duka la vifaa vya ujenzi Timbwani, jioni anapokea hesabu ya matatu yake ya Ukunda, na mwisho wa mwezi anakusanya kodi ya vyumba vyake Mtongwe. Yeye huzihesabu kuwa biashara tatu, na pengine kila moja ina jina lake na kibali chake cha kaunti. Lakini ikiwa zote zimeandikishwa kwake binafsi, sheria inamtazama mtu mmoja mwenye mfuko mmoja. Deni la matatu ni deni la duka, na ni deni la vyumba pia.

Hatari hii hujitokeza zaidi barabarani. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inamtaka kila mwenye gari awe na bima ya kuwafidia watu wengine wanaoumia. Hata hivyo, bima hiyo ya lazima ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Abiria kijana aliyevunjika uti wa mgongo anaweza kupewa na mahakama fidia inayopita hapo, na kinachozidi hudaiwa mwenye gari. Akishindwa kulipa, dalali wa mahakama atafika dukani, na mdai anaweza kuendelea hadi kwenye ardhi. Kwa familia iliyokaa miaka mingi ikisubiri hatimiliki, kama zile za shamba la Waitiki zilizoanza kutolewa Januari 2016, hilo ni jambo la kukosesha usingizi.

Wengi hudhani wamejikinga kwa kuwa wamesajili jina la biashara. Sivyo. Jina la biashara ni jina tu. Nyuma yake yuko mtu yule yule na mali yake yote. Kinachotenganisha ni kampuni yenye dhima ya kikomo. Hiyo, mbele ya sheria, ni mtu mwingine kabisa: inamiliki mali yake, inadaiwa madeni yake, na mwenye hisa hupoteza kile alichoweka ndani yake tu. Kanuni hii ilithibitishwa Uingereza mwaka 1897 katika kesi ya Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London, ambaye alikuwa na karibu hisa zote za kampuni yake na bado hakutakiwa kulipa madeni yake kutoka mfukoni. Mahakama za Kenya huifuata hadi leo. Na chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015, mtu mmoja peke yake anaweza kuanzisha kampuni binafsi, akiwa ndiye mwenye hisa na ndiye mkurugenzi.

Je, ufungue kampuni tatu? Kwa wengi, hapana. Anza kwa kutenga shughuli yenye hatari kubwa zaidi. Kuhamisha nyumba kwenda kwa kampuni kuna gharama: ushuru wa stempu hapa mjini ni asilimia 4 ya thamani, na pengine kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15. Matatu ni rahisi zaidi kuhamisha. Basi nyumba ibaki ilipo, na gari liende kwa kampuni, pamoja na bima yake, leseni yake ya NTSA na uanachama wake wa sako. Duka nalo usilitie katika kampuni hiyo hiyo, kwani utakuwa umerudi ulikotoka.

Kinga hii ina matundu, na tundu kubwa huwa benki. Kampuni mpya ikiomba mkopo, karibu kila mara mkurugenzi huombwa atie saini ya kuwa mdhamini yeye binafsi. Ukitia saini, kwa deni hilo ukuta haupo tena. Mke au mume naye asome kabla ya kukubali nyumba ya familia iwekwe rehani. Sheria inataka idhini yake. Ukiendesha gari mwenyewe na ukasababisha ajali, uzembe ni wako hata kama gari ni la kampuni. Pia kuna mazoea ya namba moja ya tili kwa duka, gari na vyumba. Fedha zikichanganywa hivyo, mdai atauliza kama kampuni ilikuwepo kweli au ni karatasi tu. Kila kampuni iwe na akaunti yake, tili yake na daftari lake.

Usingoje ajali itokee ndipo uhamishe mali. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inaruhusu mahakama kubatilisha mali iliyotolewa kwa bei ya chini ili kuwakwepa wadai. Wala kampuni si mahali pa kujificha: ni lazima Msajili apewe majina ya wamiliki halisi. Tena, abiria aliyeumia naye ni mkaazi mwenzetu. Iulize kampuni yako ya bima kuhusu kinga inayovuka ile milioni 3. Hiyo humlinda yeye na wewe.

Usajili hufanyika mtandaoni kupitia eCitizen, na Huduma Centre ya Mombasa inaweza kukusaidia. Kazi kubwa huja baadaye. Kila kampuni huwa na PIN yake ya KRA na hupeleka taarifa kwa Msajili kila mwaka. Fomu yake ya kodi ya mapato ikichelewa, faini huanzia shilingi 20,000, hata kama haikufanya biashara yoyote. Kwa mtu binafsi ni 2,000. Kampuni iliyosajiliwa kisha ikasahauliwa hugeuka deni jipya.

Ukihamishia biashara kwa kampuni, kibali cha kaunti nacho lazima kiwe kwa jina la kampuni hiyo. Njoo na cheti cha usajili, PIN ya kampuni na kibali cha zamani, ili kumbukumbu zirekebishwe kabla ya kulipia mwaka mpya.