Mto Ruzizi: mgonjwa avuka mpaka, karatasi yake ya matibabu yabaki nyumbani

Mwezi Februari 2025, baada ya mji wa Bukavu kuanguka mikononi mwa waasi wa M23, makumi ya maelfu ya Wakongomani walivuka Mto Ruzizi kuingia Burundi, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa kuogelea. Wengi walipokelewa kwenye kiwanja cha mpira cha Rugombo, huko Cibitoke. Katika majuma machache idadi ya waliokimbilia nchi hiyo ilipita 60,000. Desemba 2025, vita vilipofika Uvira, watu walikimbia tena.

Serikali ya Burundi, HCR, OMS na mashirika ya misaada huanza na yale yanayoua haraka: malaria, kuhara, surua, kipindupindu. Ni haki yao. Aina mpya ya mpox iliyoanzia Kamituga, Kivu ya Kusini, mwaka wa 2023, ilikuwa imefika Burundi Julai 2024.

Lakini kuna wagonjwa wasioonekana kwenye foleni. Chukua mfano wa mama anayeishi na virusi vya Ukimwi katika bonde la Ruzizi. Amekimbia na mtoto mgongoni na sufuria mkononi. Dawa na kijitabu vimebaki nyumbani. Jambo la kutia moyo ni kwamba nchi zote mbili hutumia kidonge kimoja cha kila siku, chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Muuguzi wa Burundi anaweza kuendelea pale mwenzake wa Kongo alipoishia. Shida ni kujua. Na mama huyo, akilala chini ya hema moja na majirani, atasema mbele ya nani?

Kwa kifua kikuu hatari ni kubwa zaidi. Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Yakikatizwa, vijidudu vinaweza kuzoea dawa, kisha ugonjwa huo sugu ukawafikia wenyeji waliompokea mgeni.

Kupashana habari kunawezekana. Juni 2019, wakati wa Ebola, jamaa waliotoka mazishini Kongo walivuka kwenda Kasese, Uganda, kwa njia za panya. Maafisa wa afya wa Kongo waliwajulisha wenzao ng'ambo. Mtoto wa miaka mitano alikutwa na ugonjwa huo, akafariki. Ndani ya siku chache nchi hizo mbili zilikubaliana kuwarudisha jamaa zake Kongo, ambako dawa mpya zilikuwa zikijaribiwa. Hakukuhitajika mkutano wa marais, ila watu waliokuwa wakifahamiana na waliokuwa na namba za simu.

Kwenye Ruzizi mambo ni magumu zaidi. Jeshi la Burundi linapigana upande wa Kinshasa, huku Bukavu ikiwa chini ya M23. Daktari wa Cibitoke akitaka historia ya mgonjwa aliyetoka huko, ampigie nani?

Swali hilo linageuka pia upande wa pili. Wakimbizi wengi walihamishiwa Musenyi, katika Rutana, mbali na mpaka. Atakayerudi Sange au Luvungi akiwa katikati ya matibabu atafika kituo cha afya na karatasi ya Burundi, kama hakuipoteza njiani, na muuguzi wa pale ndiye atakayetakiwa kuhesabu miezi iliyobaki.