Damu Iliyokwama na Presha Isiyouma

Tiba ya jadi ya Wachina ilieleza ugonjwa wa mishipa ya damu karne nyingi kabla ya mtu yeyote kupima lehemu. Elimu yake hutegemea Huangdi Neijing, kitabu cha miaka 2,000 hivi: damu husukumwa na nguvu ya uhai iitwayo chi, chi ikidhoofika damu hukwama, na vinono vikizidi huzaa balghamu nzito inayoziba njia. Penye mkwamo pana maumivu, na ulimi wa zambarau ndio ushahidi. Hospitalini tunaambiwa mafuta hujijenga polepole ndani ya ateri mpaka njia inakuwa nyembamba. Maelezo haya yanafanana kiasi cha kuwashawishi wengi kwamba ni kitu kimoja. Siyo, na tofauti yake ni kubwa hasa huku kwetu Mlima Kenya.

Mwaka 2018 kaunti yetu ya Nyeri iliteuliwa pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo kujaribu mpango wa afya kwa wote, na iliteuliwa kwa sababu ya wingi wa magonjwa yasiyoambukiza. Kinara wake ni presha, nayo hukwaruza kuta za ateri miaka mingi bila kuuma popote. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne anayo, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa. Nadharia inayongoja maumivu au rangi ya ulimi itamfikia mkulima wa Karatina akiwa amechelewa.

Watetezi wa tiba ya Kichina watauliza: mbona Tongxinluo, dawa ya Kichina yenye ruba na nge ndani yake, ilipunguza madhara kwa waliopatwa na shambulio la moyo, katika utafiti wa wagonjwa 3,777 uliochapishwa 2023? Ni kweli, lakini iliongezwa juu ya dawa za hospitali, na kilichothibitisha hilo ni hesabu ya wagonjwa, si habari za chi. Mchele mwekundu wa hamira nao hushusha lehemu kwa kuwa una kemikali ileile ya lovastatini, kidonge kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1987. Basi kinachofanya kazi kina nguvu, na chenye nguvu hudhuru pia: danshen, mzizi wa tiba ya Kichina, ikikutana na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, huweza kusababisha kuvuja damu. Ukitumia dawa yoyote ya Kichina, iwe Nyeri au Nanyuki, mwambie daktari wako, usiache vidonge vyako, na upimwe presha hata kama huumwi.