Uvimbe wa watoto unaponyimwa oksijeni

Tumbo la mtoto likifura, wazazi wengi hufikiri ni minyoo, na mara nyingi huwa kweli ni minyoo. Lakini likiwa gumu upande mmoja, mtoto akachechemea kwa maumivu ya mifupa, au macho yakazungukwa na weusi kama aliyepigwa ngumi, usikimbilie dawa za dukani. Mpeleke hospitali. Huenda ni nyuroblastoma, saratani ya chembe changa za neva, ambayo huwapata hasa watoto walio chini ya miaka 5. Mara nyingi huanzia katika tezi iliyo juu ya figo.

Maradhi haya yana kioja. Kwa baadhi ya watoto wachanga, uvimbe hunywea wenyewe bila dawa yoyote. Kwa wengine huenea hadi mifupani, na huweza kurudi hata baada ya upasuaji na dawa kali. Sababu ni kadhaa, na mojawapo ni oksijeni.

Uvimbe hukua upesi kuliko mishipa inayouletea damu, hivyo chembe za ndani hukosa oksijeni. Ungetarajia zife zote. Hazifi. Chembe za mwili hutengeneza protini iitwayo HIF, ambayo huharibiwa upesi oksijeni inapotosha. Oksijeni ikipungua, protini hiyo hubaki na kuamsha jeni nyingi zilizokuwa zimelala. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kufumbua siri hiyo. Yenyewe si mbaya. Ndiyo huwaongezea damu wanariadha wetu wanaofanya mazoezi kule Iten, ambako hewa ni nyepesi.

Ndani ya uvimbe mambo ni tofauti. Jeni hizo huotesha mishipa mipya ya damu na kuziwezesha chembe kuishi kwa sukari bila oksijeni ya kutosha. Mwaka 2002, watafiti wa Lund, Uswidi, walionyesha jambo la kutisha zaidi: chembe za nyuroblastoma zikinyimwa oksijeni hurudia hali ya uchanga, na kadiri chembe zilivyo changa ndivyo saratani hii ilivyo kali. Isitoshe, miale ya tiba haiziui vyema chembe zisizo na oksijeni.

Mwaka 2010, watafiti wa Genoa, Italia, waliripoti kwamba watoto ambao jeni hizo zilikuwa zimeamka katika uvimbe wao walikuwa na matumaini madogo zaidi ya kupona. Hata hivyo, katika kupanga matibabu madaktari hutazama zaidi umri wa mtoto, saratani imefika wapi, na jeni nyingine iitwayo MYCN.

Je, HIF haiwezi kuzimwa? Dawa ya belzutifan, inayozima aina yake ya pili, iliidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa watu wazima wenye uvimbe fulani wa kurithi, ukiwemo wa figo. Kwa nyuroblastoma wataalamu wangali wanabishana, kwani baadhi ya majaribio ya maabara yanaonyesha kwamba aina hiyo hiyo huenda husaidia chembe kukomaa.