Maji ya Chemchemi na Safari Yake Mpaka Kikombeni

Katika magharibi ya Kenya watu wengi wa mashambani huteka maji ya kunywa katika chemchemi. Maji hayo yatokapo ardhini kwa kawaida huwa mazuri, kwa kuwa udongo umekwisha kuyachuja. Taabu huanza yafikapo juu. Chemchemi iliyoachwa wazi hugeuka kidimbwi: ng'ombe hunywa humo, watoto hukanyaga humo, na mvua huteremsha uchafu wa malishoni na kuutia humo humo. Atekaye maji hayo huchukua nyumbani maradhi ya kuhara, na watoto wadogo ndio waumiao kwanza.

Kuihifadhi chemchemi si kazi ya ajabu. Huchimbwa mpaka jicho la maji lionekane, hupangwa mawe na kokoto, kisha hufunikwa na kujengewa ukuta wa saruji wenye bomba. Maji hutiririka yenyewe, na mtungi hukingwa chini ya bomba pasipo mkono kuyagusa. Upande wa juu huchimbwa mfereji wa kugeuza maji ya mvua, na ua hujengwa ili kuzuia mifugo. Choo kiwe mbali, mita 30 au zaidi, wala kisiwe upande wa juu wa chemchemi.

Je, kazi hiyo ina faida gani? Katika miaka ya 2000 wataalamu walichunguza chemchemi zipatazo 200 katika zilizokuwa wilaya za Busia na Butere-Mumias. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kwenye chemchemi zilizohifadhiwa, vijidudu vitokanavyo na kinyesi vilipungua kwa theluthi mbili, na watoto walioharisha walipungua kwa robo. Lakini jambo moja linastahili kuangaliwa sana: maji yaliyokuwa ndani ya nyumba hayakuwa safi kama yale ya bombani. Usafi mwingi ulipotea njiani.

Sababu zake zajulikana na kila mwenye nyumba. Mtungi haukuoshwa vizuri. Chombo cha kuwekea maji kiliachwa wazi. Kikombe kilichovywa ndani pamoja na vidole. Au maji ya chemchemi yalichanganywa na ya mtoni. Saruji haiwezi kuyazuia hayo. Yazuiwayo na saruji ni ya chemchemini tu. Ya nyumbani huzuiwa na maarifa.

Katika sehemu hizo hizo ilijaribiwa njia ya pili. Tangi dogo la dawa ya klorini liliwekwa penye maji, na mtu alifungua kifungulio mara moja kutia kipimo kinachotosha mtungi wa lita 20. Maji yalitikisika njiani yakichukuliwa, na baada ya nusu saa yalifaa kunywewa. Wenyeji walichagua mwenzao mmoja wa kutunza tangi na kuwafundisha wengine. Dawa kama hiyo iliyouzwa madukani ilinunuliwa na wachache; lakini ile iliyowekwa mbele ya macho ya watu wote, na kuelezwa na jirani, ilitumiwa na wengi zaidi.

Fundisho ni wazi. Mtaalamu huja siku moja na kwenda zake. Jirani huonekana kila asubuhi. Kwa hiyo yafaa kila penye chemchemi wawepo watu wachache waliochaguliwa, wenye kujua kwa nini mfereji uzibuliwe, ua utengenezwe na mitungi ioshwe, na wasichoke kuwaeleza wenzao. Ufa mdogo katika ukuta wa chemchemi hutengenezwa kwa saruji kidogo leo. Ukiachwa, kidimbwi kitarudi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika habari ya maji, gharama ya ukuta huo hulipwa kwa afya ya watoto.