Ua la Kala: Lipande Pahali Pake

Wewe mwenye shamba katika skimu za Kinangop na Ol Kalou, bila shaka walijua ua la kala, ambalo wengine huliita arumu. Ni lile kubwa jeupe lililojikunja kama karatasi ya kufungia njugu, na ndani yake mna kijiti cha manjano. Kwa kweli ile sehemu nyeupe ni jani lililogeuka rangi. Maua yenyewe ni madogo sana, nayo yamebanana juu ya kile kijiti.

Asili yake ni Afrika Kusini, penye majimaji na kando ya vijito. Basi ile pembe ya shamba ambapo mahindi hugeuka manjano kwa kuzidiwa na maji, kala nyeupe yaweza kustawi hapo. Sakitu ikichoma majani, usiung'oe mmea. Shina lake nene hulala chini ya udongo mfano wa tangawizi, nalo litachipua tena. Chimba shina hilo, likate vipande, kila kipande kiwe na jicho lake, kisha panda inchi 4 kwenda chini, ukiacha futi moja na nusu baina ya mche na mche. Tia samadi iliyooza vizuri.

Lakini usipande mtoni mahali ng'ombe wanyweapo. Utomvu wa mmea huu una chembe kali zenye ncha kama sindano, ambazo huchoma kinywa na kuvimbisha ulimi na koo. Ndama hajui kuchagua, na mtoto mdogo vilevile. Tena mmea huu hutambaa: huko Australia ya Magharibi umekuwa gugu baya la kupigwa vita. Uweke ndani ya ua, na mabaki yake usiyatupe zizini.

Asiye na nafasi atumie debe kuukuu. Toboa matundu chini, tia changarawe kidogo, halafu udongo na samadi. Kala nyeupe haitachukia hata ukiliweka debe ndani ya karai lenye maji. Zile za rangi, yaani za manjano, waridi na zambarau, ni habari nyingine. Hizo hutoka katika kiazi, na kiazi hicho kikikaa katika maji huoza na kunuka. Kilichooza kitupe mbali pamoja na udongo wake, wala usikitie katika shimo la mboji. Zikiisha kuchanua, majani hukauka. Punguza maji, uache kiazi kipumzike miezi miwili au mitatu. Wengi hudhani mmea umekufa, wakautupa.

Wakati wa kuvuna, usitumie kisu. Shika bua chini kabisa, lizungushe huku ukivuta, nalo litatoka zima. Vuna asubuhi, jani jeupe likiwa limefunguka lakini kijiti hakijatoa unga wake, utie mabua katika ndoo ya maji mara moja. Ua lenye alama ya kidole huharibika upesi, na mnunuzi hulikataa.

Na mnunuzi huyo mtafute kwanza. Viazi vikikosa soko watoto watakula, kala haziliwi. Anza na madebe manne au matano karibu na nyumba, uone zitakazochanua na nani atakayezinunua, kabla hujagusa sehemu ya majani ya ng'ombe.