Uvimbe wa Ubongo na Njia Zinazokatika Mbali

Mgonjwa wa Ujiji anaweza kuambiwa kuwa ana uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kulia, ilhali kilichowashtua ndugu zake ni kwamba anasahau alichotumwa na anapotea njia ya sokoni aliyoipita miaka yote. Ndugu huuliza: ugonjwa uko huku, mbona hitilafu iko kule? Ni swali la haki, na jibu lake limo katika namna sehemu za ubongo zinavyotegemeana.

Tuanze na maana. Ubongo wa mtu mzima una seli za fahamu zipatazo bilioni 86. Nyuzi ndefu za seli hizo huunganisha sehemu moja na nyingine; huo tuuite muunganiko wa kimaumbile. Upo pia muunganiko wa kiutendaji, yaani hali ya sehemu mbili kuongeza na kupunguza shughuli kwa wakati mmoja, hata kama hakuna nyuzi zinazozifunga moja kwa moja.

Mashine ya MRI hupima yote mawili. Kwa nyuzi, hufuatilia mwendo wa maji, kwani maji ndani ya ubongo husambaa kwa urahisi zaidi kuufuata uzi kuliko kuukata. Kwa utendaji, hutegemea damu: damu yenye oksijeni na iliyoishiwa oksijeni huathiri usumaku kwa namna tofauti, jambo ambalo Seiji Ogawa na wenzake walilionyesha mwaka 1990. Mwaka 1995 Bharat Biswal na wenzake wakaona kwamba sehemu za kushoto na kulia zinazoongoza mikono hupanda na kushuka pamoja hata mtu akiwa amelala tu ndani ya mashine, hafanyi lolote.

Ili kuelewa namna sehemu zinavyotegemeana, tuitazame Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Treni ya kuja huku Kigoma lazima ipite Tabora, na hapo ndipo njia ya Mwanza inapochepuka. Reli ikikatika Uvinza, Kigoma ndiyo huumia. Tabora ikifungwa, Kigoma na Mwanza zote hukwama, ingawa stesheni zao hazina hata ufa na wafanyakazi wapo kazini. Ubongo nao una njia panda za aina hiyo, na uvimbe mdogo ulioota hapo huweza kudhuru kuliko mkubwa ulioota pembeni. Mwaka huohuo wa 1914, Constantin von Monakow wa Zurich alieleza kwamba sehemu isiyo na jeraha huweza kunyamaza kwa sababu ile iliyokuwa ikiipelekea taarifa imeumia. Picha za leo zinaonyesha mabadiliko hayo hata katika nusu ya pili ya ubongo, ambako uvimbe haujafika.

Kasi nayo ina uzito. Glioma (aina ya uvimbe wa ubongo) za daraja la chini hupanuka kwa takriban milimita 4 kwa mwaka, hivyo mtandao wa ubongo hupata muda wa kuhamishia kazi kwingine. Ndiyo maana mtu huweza kukaa na uvimbe mkubwa huku akiendelea na uvuvi au biashara yake, wakati kiharusi cha ukubwa huohuo kingemwangusha siku moja.

Lakini ugunduzi ulionigusa zaidi ni wa mwaka 2019. Watafiti wa Stanford na wa Heidelberg walionyesha kwamba seli za glioma hupokea miunganisho kutoka kwa seli za fahamu zenyewe, na ishara za umeme zinazopita humo huuchochea uvimbe ukue. Uvimbe, basi, haukai kando ukiukandamiza mtandao, hujiunga nao. Mwaka 2023 watafiti wa San Francisco waliripoti kwamba wagonjwa ambao uvimbe wao mkali ulikuwa umeungana zaidi na ubongo waliishi muda mfupi zaidi.

Picha za MRI zina mpaka wake. Karibu na uvimbe mishipa ya damu huharibika, hivyo ishara ya damu huweza kupotea ingawa seli bado zinafanya kazi. Daktari anayeuchukulia ukimya wa picha kuwa ni kifo cha sehemu hiyo anaweza kukosea vibaya. Isitoshe, mengi tunayoyajua yametokana na wastani wa makundi ya watu, na wastani haumwelezi mgonjwa mmoja aliyelala kitandani.

Kwa hiyo sioni kwamba Kigoma inahitaji kuanza na ramani za mitandao. Kinachoweza kufanyika sasa ni kumpima mgonjwa kwa upana: kumbukumbu, umakini na usemi, hata pale uvimbe unapoonekana kuwa mbali na sehemu za usemi. Mwaka 1978 George Ojemann na Harry Whitaker walionyesha kwamba kwa mtu wa lugha mbili, yapo maeneo ya ubongo ambayo yakisisimuliwa kwa umeme huvuruga lugha moja zaidi ya nyingine. Wagonjwa wengi wa mkoa huu husema Kiha nyumbani na Kiswahili sokoni. Zoezi la kutaja majina ya vitu lifanywe kwa lugha zote mbili, na majibu yaandikwe kwenye barua ya rufaa kabla mgonjwa hajaanza safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kwenda kwa madaktari bingwa wa ubongo Muhimbili.