KENYA NI NGAZI: SAFARI YA KUHAMA KUTOKA MOMBASA HADI KISUMU

Wahenga walisema tembea uone. Kila mmoja wetu anajua kuwa Nairobi iko juu kuliko Mombasa, maana kitabu cha Jiografia kimesema hivyo. Katika makala haya nataka kueleza jinsi mtu anavyoweza kuujua ukweli huo kwa breki za lori, chupa ya mafuta ya nazi na saa ya magharibi.

Desemba 2022 baba alipata uhamisho wa kikazi. Ilibidi tuhame Mombasa, tulikozaliwa sote, twende Kisumu, mwendo wa zaidi ya kilomita 800. Vyombo vilipakiwa kwenye lori, mimi na Ami tukaketi mbele na dereva. Baba, mama na Nyanya walifuata kwa gari dogo. Nyanya hakuridhika hata kidogo. "Mtu mzima hang'olewi kama muhogo," alisema, akakipakata kikapu chake chenye chupa ya mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe.

Tuliondoka saa kumi alfajiri. Mariakani, Voi, Mtito Andei, Emali: ukiangalia kwa macho utadhani nchi ni tambarare. Kumbe lori linapanda tu! Mombasa iko usawa wa bahari, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu yake, na Limuru, tulikolala kwa rafiki ya baba, ni karibu mita 2,200. Kwa kawaida hewa hupoa kiasi cha nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Usiku ule meno yaligongana.

Asubuhi Nyanya alifungua kikapu, akapiga ukelele. Mafuta yalikuwa yameganda, meupe pepepe kama mshumaa. "Yashakufa haya, mjukuu wangu. Ni ishara. Nirudisheni kwangu." Jamani, hakuna aliyecheka. Mama alianza kulia na baba akanyamaza.

Nilimweleza hivi: "Nyanya, mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Kwetu Mombasa mwezi huu kuna joto, ndiyo maana huyaona maji. Hayakuharibika. Yamehisi baridi kama wewe." Akanitazama kwa shaka, akasema, "Haya, tutaona." Akaifunga chupa.

Kutoka Limuru barabara hushuka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu. Mteremko huu umeua watu wengi, na sababu yake yafaa kujulikana. Dereva akikanyaga breki mfululizo, mwendo wa gari hugeuka kuwa joto. Breki zikipata joto kupita kiasi hazishiki tena, hata ukanyage kwa miguu miwili. Kwa hivyo dereva wetu alitia gia nzito kabla ya kuanza kushuka, injini yenyewe ikawa inayazuia magurudumu. "Kijana," akaniambia, "gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Mwenye haraka atafika, lakini hatafika kwake." Tukalipita polepole lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, tukafika chini salama salimini. Breki zilikuwa bado na nguvu.

Baada ya Nakuru ngazi ilianza tena. Tulipanda hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,400, kisha tukateremka kupitia mashamba ya chai ya Kericho hadi Ahero penye mashamba ya mpunga. Joto likarudi. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, lakini mchana joto lake hukaribia nyuzi 30. Nyanya alipofungua kikapu, mafuta yalikuwa maji matupu. Hakusema neno. Alijipaka mikononi, akauliza jikoni ni wapi.

Jambo la mwisho lilijitokeza Machi 2023, mwezi wa Ramadhani ulipoingia. Nyanya alikuwa amekuja na ratiba ya swala ya Mombasa. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 1 kwa dakika 4. Mombasa iko karibu na longitudo 40 mashariki, na Kisumu karibu na 35. Tofauti ni nyuzi 5, hivyo mwezi ule jua la Kisumu lilitua kama dakika 20 baadaye. Kwa ratiba ile Nyanya angefungua saumu jua likiwa bado lang'aa juu ya ziwa! Safari hii hakubisha. Alinituma msikitini nikamletee ratiba ya huku, akaibandika ukutani mwenyewe.

Wenzangu, wengi wetu tutahama siku moja, kwa kazi, kwa ndoa au kwa masomo. Mtakapohama, msimchukulie mzee kuwa mkaidi. Huenda anaogopa mambo ambayo nyinyi mmefundishwa sababu zake naye hakufundishwa. Mwelezeni taratibu, kwa adabu, mkimwonyesha kwa kitu anachokijua. Elimu isiyotoka darasani ikafika jikoni, ni ya nini?